Mashudu yaliyogombewa: kisa cha kinu kidogo cha alizeti wilayani Kongwa

Dalili ya kwanza kwamba kinu kina tatizo ilitoka kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Wafugaji wa kuku na wanenepeshaji wa ng'ombe walikuwa wakivipita vinu vya mji mdogo wa Kibaigwa na kuingia barabara ya vumbi mpaka kijijini, kufuata mashudu ya kikundi kimoja cha wanawake wenye kinu kidogo. Yalikuwa mazito, meusi, yanateleza mkononi. Kikundi kiliona fahari. Mwaka uleule wakulima waliokuwa wakileta alizeti kukamulisha walianza kupungua, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mashudu yanayogombewa hivyo yana mafuta ya mtu ndani yake.

Kikundi tunachokieleza ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na matatizo yanayojirudia kwenye vinu vidogo vya ukanda wa kati, na hesabu zake ni za mashine ndogo ya skrubu kama zinazouzwa kwa wingi nchini. Tuseme ni wanawake kumi na wawili waliopata mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Walinunua mashine ya kukamulia inayohitaji nguvu ya kilowati 5.5, chujio la sahani, na mota. Wakapata mafunzo ya siku mbili ukumbini: utunzaji wa kumbukumbu, namna ya kugawana faida, umuhimu wa vifungashio. Aliyewauzia mashine aliiwasha mbele yao, akamimina debe moja la mbegu, mafuta yakatoka, watu wakapiga makofi.

Tatizo la kwanza lilikuwa umeme. Laini iliyofika kijijini ni ya njia moja, na mota waliyouziwa ni ya njia tatu. Mota za ukubwa huo huandikwa volti 380 kwa muungo wa pembetatu (namna nyaya za ndani zinavyounganishwa), kwa hiyo hata ukitafuta kifaa cha kugeuza umeme wa volti 230 kuwa wa njia tatu, haitatoa nguvu yake kamili. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja tu: nguzo iliyo karibu na jengo ina nyaya ngapi za moto? Hawakuuliza. Wakaiuza mota kwa hasara na kununua injini ya dizeli ya nguvu farasi 12, ya kupoza kwa maji, aina inayojulikana na kila fundi wa mashine za kusaga. Uamuzi haukuwa mbaya. Kosa lilijificha kwenye kitu kidogo cha duara: ile puli ya milimita 140 iliyokuwa kwenye mota ilihamishiwa kwenye injini.

Hesabu yake ni hii. Mota huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli yake ya milimita 140 ikiivuta puli ya mashine ya milimita 420, upande wa mashine unapata mizunguko 480. Giaboksi ya mashine hiyo hugawa kwa 10, hivyo skrubu inazunguka mara 48 kwa dakika, kama kibao cha mashine kinavyotaka. Injini ya dizeli kwa mwendo wake kamili huzunguka mara 2,000. Kwa puli ileile, upande wa mashine unapata 667 na skrubu inazunguka karibu mara 67. Kwa macho hakuna anayeona tofauti. Kilichoonekana ni kwamba gunia lililokuwa likimalizika kwa dakika 50 sasa lilimalizika kwa dakika 35, na mwendeshaji akasifiwa kuwa ana mkono mwepesi.

Mbegu ndani ya mashine hukamuliwa na vitu viwili: mgandamizo, na muda wa kukaa ndani ya mgandamizo. Mafuta yanahitaji nafasi ya kupenya katikati ya maganda yaliyobanwa mpaka yafike kwenye mianya ya pete zinazoizunguka skrubu. Ukiiharakisha skrubu, mbegu inafika mdomoni, kwenye njia ya kutokea mashudu, kabla mafuta hayajatoka yote.

Kwenye daftari la kikundi palikuwa na majina ya wateja na pesa zilizolipwa. Kilo hazikuwepo, lita hazikuwepo. Mteja alikuja na "gunia", na gunia la alizeti ni neno lisilo na uzito wake: lililofungwa kawaida lina kilo 60 hadi 65, lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, inapita hapo kwa mbali. Mama mmoja aliyekuwa akikamulisha hapo tangu mwanzo ndiye aliyesema wazi. "Wanangu, Kibaigwa gunia langu lilinipa dumu kasoro kidogo. Hapa naondoka na ndoo ya lita kumi na chupa tatu za lita." Kijana wa mashine akamjibu kwa adabu: "Mama, mbegu za mwaka huu hazina mafuta, mvua ilikatika mapema." Jibu hilo lina ukweli nusu, kwani ukame wakati wa kujaza mbegu hupunguza mafuta. Ndiyo maana linadumu. Kila mwaka Dodoma una mvua ya kulaumiwa.

Jambo la kwanza kufanyika, kabla ya fundi yeyote kushika spana, lilikuwa kuazima mizani ya kilo 100. Zilipimwa kilo 100 za mbegu kutoka kwenye lundo moja lililochanganywa vizuri, zikakamuliwa kama siku zote, na kila kilichotoka kikapimwa: mafuta kilo 19, mashudu kilo 76, tope la chini ya dumu kilo 2. Jumla 97. Kilo 3 zinazobaki ni mvuke na vumbi, hiyo ni kawaida. (Jumla ikishuka chini ya 95, kuna sehemu inavuja, au kuna mtu anabeba.) Mafuta ya alizeti yana uzito wa kilo 0.92 kwa lita, kwa hiyo kilo 19 ni kama lita 20.7, na kwa gunia la kilo 65 ni lita 13 na kidogo. Mama alikuwa sahihi mpaka kwenye chupa. Mbegu za wakulima wa eneo hili, nyingi zikiwa za aina ya Record zilizorudiwarudiwa shambani, zikishikiliwa kuwa na mafuta asilimia 34, basi kwenye zile kilo 76 za mashudu zilibaki kama kilo 14 za mafuta (34 toa 19 zilizotoka, na kama 1 iliyoko kwenye tope). Asilimia 18! Kinu kidogo kinachokwenda sawasawa huacha kama 10.

Marekebisho yalifanywa moja moja, na baada ya kila moja zikakamuliwa kilo 100 nyingine za lundo lilelile. Ukibadili mambo matatu kwa mkupuo, hutajua lipi limekusaidia na lipi limekupotezea fedha.

Kwanza mwendo. Njia ya haraka ni kufunga puli ndogo kwenye injini, na hesabu inasema milimita 100 ingetosha. Lakini mikanda ya saizi B, iliyokuwa ikitumika hapo, haipendi kukunjwa kwenye duara dogo kuliko milimita 125. Inapasuka upande wa ndani, na mwanzoni inateleza na kunuka. Ikafungwa ya 125, na injini ikapunguzwa mpaka mizunguko 1,600. Hapo skrubu inarudi kwenye 47 na kitu. Nguvu ya injini kwa mwendo huo inashuka mpaka kama kilowati 7, bado inatosha kwa mashine inayotaka 5.5. Kuhakiki hakuhitaji kifaa: alama ya chaki kwenye ncha ya mhimili wa skrubu, simu yenye saa, na mtu wa kuhesabu chaki inapopita juu. Dakika moja nzima, mashine ikiwa na mbegu ndani, kwa sababu tupu huwa inadanganya. Mafuta yakapanda kutoka kilo 19 hadi 22.

Pili unyevu. Ilikuwa Agosti. Alizeti ya Kongwa huvunwa Mei na Juni, na ikikaa miezi miwili ghalani katika kiangazi chenye upepo mkavu hushuka mpaka asilimia 5 au chini ya hapo. Mbegu za kukamuliwa kwa skrubu zinatakiwa kuwa na asilimia 6 hadi 8. Zikiwa kavu mno, mashudu yanatoka unga na kunuka kuungua, mashine inakwama, na mwendeshaji anafanya kile ambacho kila mwendeshaji hufanya: analegeza koni ya mdomoni, ile inayobana njia ya kutokea mashudu. Ndivyo ilivyokuwa. Mashudu yalikuwa yakitoka na unene wa milimita 3, wakati unene unaotakiwa ni milimita 1 hadi 1.5. Koni iliyolegezwa kwa sababu ya ukavu ilibaki imelegezwa msimu wote, na hapo mashudu yakazidi kunona.

Tiba ni maji, na kiasi chake kinajulikana. Kupandisha kilo 100 kutoka asilimia 5 hadi 7 kunahitaji lita 2 na kidogo. Yanapuliziwa kwa bomba la mkono safi ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba, mbegu zikigeuzwa kwa koleo juu ya turubai, kisha zinafunikwa usiku kucha ili maji yaingie ndani badala ya kubaki kwenye ganda. Asubuhi zikiwa na unyevu wa kuonekana kwa jicho, umezidisha. Zikiwa na maji kupita 10, mambo yanageuka: mashudu yanakuwa kama ugali, yanazunguka na skrubu bila kusonga mbele, mafuta yanatoa povu. Baada ya kulowesha na kukaza koni taratibu, mashine ikiwa imeshapata moto, mafuta yakafika kilo 24.

Kwa mbegu za Mei zinazokuja mbichi, kuna kipimo cha chupa ya kioo na chumvi kavu: tia mbegu, tia chumvi kijiko, tikisa dakika chache, tazama kama chumvi imeshika ukutani. Wengi wamefundishwa kwamba chumvi ikishika, unyevu ni zaidi ya asilimia 14 au 15. Hiyo ni kwa mahindi. Chumvi hushika pale hewa iliyozunguka mbegu inapofika unyevu wa asilimia 75, na alizeti, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mafuta yasiyobeba maji, huifikisha hewa hapo ikiwa yenyewe ina asilimia 9 au 10 tu. Kwa mkamuaji hiyo ni bahati: chumvi ikishika, mbegu zirudi juani. Mita ya unyevu iliyowekwa kwa ajili ya mahindi inapotosha kwa sababu za namna hiyohiyo, kwa hiyo hakikisha ina mpangilio wa alizeti.

Tatu mchanga, na hapa ndipo gharama kubwa ilipokaa. Alizeti hupurwa kwa fimbo chini, na udongo wa sehemu hizi una chembe za mawe magumu zinazokwangua chuma. Kongwa inalijua hilo tangu zamani: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulikula majembe ya matrekta kwenye ardhi hii kabla haujazaa karanga za kutajika, na alizeti waliyojaribu pia ikashindwa na ukame. Kwenye mashine ya kukamulia, mchanga unakula sehemu mbili: kingo za skrubu upande wa mdomoni, ambako mgandamizo ni mkubwa zaidi, na pete za mwisho. Pengo likipanuka, mbegu iliyosagwa inarudi nyuma juu ya kingo badala ya kusukumwa mbele, na unga mwingi unapita na mafuta. Mashine ilipofunguliwa, ncha ya skrubu ilikuwa imelika kiasi cha kuingiza kucha ya kidole gumba kati yake na pete. Misimu miwili tu.

Skrubu ilijazwa kwa vijiti vya kuchomelea vya chuma kigumu, ikasawazishwa kwa mashine ya kukereza huko Dodoma mjini, na pete nne za mwisho zikabadilishwa. Mafuta: kilo 26. Kwa gunia la kilo 65 ni lita 18 na kidogo, yaani lita 5 zaidi ya mwanzo. Mashudu yalishuka hadi kilo 69, yakiwa na mafuta karibu asilimia 10.

Kuzuia mchanga kulihitaji mbao na waya tu. Fundi seremala wa kijijini alitengeneza chekeche la mita moja kwa sentimita 60, la ngazi mbili, lenye mwinamo wa digrii kama 20 na linaloning'inia kwa kamba nne ili mtu mmoja alisukume. Waya wa juu una matundu ya milimita 12: mbegu zinapita, vijiti na vichwa vilivyovunjika vinabaki. Wa chini una matundu ya milimita 3: mbegu zinabaki, mchanga unaanguka. Mwisho wa mteremko iligundishwa sumaku ya spika iliyokufa, na siku ya kwanza ilinasa msumari na vipande viwili vya waya wa kufungia magunia. Kwenye kila gunia zilitoka kilo 2 hadi 4 za takataka. Hilo nalo lilileta maneno, maana mteja anapoona gunia lake limepungua kabla halijaingia kwenye mashine, anakasirika. Ikakubaliwa kwamba takataka zinapimwa mbele yake na anaondoka nazo akitaka. Wengi waliangalia ule mchanga wakacheka.

Sasa tuseme lililo gumu kuliko puli. Mkulima hapa alikuwa akilipa ada ndogo kwa gunia, na mashudu yanabaki kwa kinu. Utaratibu huu umeenea kanda yote. Tazama unavyofanya kazi: mafuta ni ya mteja, mashudu ni ya kinu. Kila lita inayobaki kwenye mashudu inahama kutoka mfuko wa mteja kwenda mfuko wa kinu, na kasi inayoiacha humo inakiongezea kinu magunia kwa siku, 13 badala ya 9 kwa saa nane. Hakuna aliyepanga kumwibia mtu. Ila hakuna pia aliyekuwa na sababu ya kuhesabu mizunguko ya skrubu. Kwa maoni yetu, mafunzo yoyote ya ufundi yasiyogusa mkataba huo yangefutika ndani ya wiki tatu za foleni ya Juni, siku ambazo kijana wa mashine anasukumwa na watu ishirini wenye magunia yao na anajua kwamba kuongeza mwendo wa injini kidogo kunamaliza kelele.

Kikundi kilibadili malipo. Mbegu zinapimwa kwa kilo baada ya kuchekechwa, ada ni kwa kilo, na mteja anachagua: achukue mashudu yake alipe ada kamili, au ayaache alipe nusu. Dizeli iliongezeka kidogo, kwa sababu gunia sasa linakaa dakika 50: kama lita 1.3 badala ya lita 1. Theluthi ya lita ya dizeli kwa lita tano za mafuta ya kula, hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Foleni ilishughulikiwa kwa kugawa zamu za vijiji na kuendesha mpaka saa nne usiku kwa wiki sita za msimu.

Mafunzo yalirudiwa, safari hii ubavuni mwa mashine: nusu siku nne zilizoachana kwa wiki mbili mbili, msimu ukiendelea, na mbegu za wateja. Waliofunzwa walikuwa watatu. Mwanzo alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeondoka kwenda mjini kuendesha bodaboda akiwa na elimu yote kichwani. Kila mmoja alitakiwa kufanya mwenyewe mambo manne: kuhesabu mizunguko kwa chaki, kufungua na kufunga pete kwa mpangilio wake, kupima unene wa mashudu kwa kulinganisha na sarafu, na kujaza mstari mmoja wa daftari wenye kilo za mbegu, dakika, lita, kilo za mashudu na dizeli. Kuwasha na kuzima vilichukua muda mrefu zaidi ya walivyotarajia. Asubuhi mashine inalishwa mashudu yaliyochanganywa na mbegu, koni ikiwa wazi, kwa dakika 15 hadi 20 mpaka ipate moto, ndipo inakazwa robo kwa robo. Jioni inalishwa mashudu makavu peke yake mpaka mafuta yaishe ndani. Injini ikizimika ghafla mashine ikiwa imejaa, kulazimisha kuiwasha hivyohivyo ndiko kunakovunja kabari ya puli au kuunguza mikanda. Inafunguliwa, inatolewa kilichomo, hata kama ni saa moja ya kazi, maana kikilala usiku kinaganda kama saruji.

Upande wa mafuta yenyewe kulikuwa na makosa mawili tu ya kutaja. Yalikuwa yakichujwa yakiwa bado na unga mwingi, vitambaa vinaziba, watu wanaongeza nguvu, vitambaa vinapasuka. Sasa yanatulia siku mbili kwenye pipa la chuma lililowahi kubeba mafuta ya kula, lenye koki sentimita 10 juu ya kitako, kisha yanapashwa moto mpaka mlio wa maji uishe, ndipo yanachujwa. Na ile koki ilikuwa ya shaba. Shaba huharakisha mafuta kuchacha hata kwa kiasi kisichoonekana. Ikatolewa, ikafungwa ya chuma kisichoshika kutu. Chupa walizokuwa wakizipanga juani kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro zinaharibika kwa jua vilevile, ingawa kuwashawishi wauzaji wazifiche mafuta yanayong'aa ni kazi ya mwaka mwingine. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, bado hawana. Kwa mzalishaji wa ukubwa huu njia ni kuanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lakini jengo lao halina dari wala sehemu ya kuweka chupa mbali na mashine, na ukaguzi hautapita hapo.

Kinachoendelea kuwabana ni mbegu. Kufika Oktoba wakulima wengi wameshauza kwa wachuuzi, na kinu kinalala mpaka Mei. Seti moja ya pete inatakiwa iwepo stoo kabla ya msimu, na fedha yake imeanza kutengwa: kiasi fulani kwa kila gunia, kwenye kisanduku tofauti na cha marejesho ya mkopo.

Septemba mnunuzi wa mashudu alikuja na gari yake kama kawaida. Akavunja kipande, akakisugua kwenye karatasi ya daftari, akaiinua juani kutazama doa. "Dada, haya yamekuwa makavu. Bei ileile siwezi." Katibu akamwambia bei ya kinu cha Kibaigwa ni ipi, wakakubaliana katikati, na akaiandika kwenye mstari wa siku hiyo, pembeni ya lita.